Kuzimia kwa sindano ya jino si lazima iwe aleji

Ndugu, umeuliza kama dada yako, aliyezimia kwa sindano ya ganzi ya jino, ana aleji ya ganzi hiyo. Hapana, kwa vile unavyoeleza, hakuzimia kwa aleji. Aleji ya kweli ya lidokaini (dawa ya ganzi) ni nadra sana, na huja na vipele, midomo kuvimba au pumzi kubana. Kupauka, jasho baridi na kuanguka hata kabla dawa haijaingia ni woga wa sindano: presha na mapigo ya moyo hushuka kwa ghafla.

Amwambie muganga wa meno mapema, kisha alazwe chali kwenye kiti, asidungwe akiwa amekaa wima. Sindano ikikaribia, ili presha isishuke, akaze mapaja, tumbo na mikono sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, alegeze sekunde 20 au 30, arudie mara 5. (Wengi huambiwa "tulia, legeza mwili", na kwa anayezimia hiyo huongeza shida.) Ganzi ya kupaka ipo pia: fizi ikaushwe kwanza, ikae dakika 1 au 2, la sivyo mate huiosha.

Moyo kwenda mbio baada ya kudungwa mara nyingi ni adrenalini (homoni inayoharakisha moyo) iliyochanganywa kwenye ganzi, hupita baada ya dakika chache. Ila kama vipele vilitoka, asidungwe tena kabla hajapimwa aleji.