Access inapokataa nywila: jua kwanza umekwama kwenye kufuli ipi

Ujumbe wa "Not a valid password" ukitokea kwenye Microsoft Access (programu ya kutunza hifadhidata), wengi hukimbilia kutafuta programu ya kuvunja nywila mtandaoni. Tunakusihi usianzie huko, hasa ikiwa faili limebeba mishahara au madeni ya wateja. Mara nyingi nywila yenyewe ni sahihi. Shida iko kwenye kibodi, au umeiandika kwenye kufuli isiyo yake.

Anza na kibodi. Access hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na unapoandika unaona nyota tu. Fungua Notepad uandike nywila humo, uione kwa macho. Windows ikiwa kwenye mpangilio wa Uingereza badala ya wa Marekani, alama ya @ na ile ya kunukuu hubadilishana nafasi. Kwa walioko Burundi au Kongo wanaotumia kibodi ya Kifaransa, A inakaa mahali pa Q, na Z mahali pa W. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi kubadilisha mpangilio, kisha jaribu tena.

Ukiombwa jina la mtumiaji pamoja na nywila, hiyo ni kufuli nyingine kabisa. Ni ulinzi wa zamani wa mafaili ya .mdb, na majina na nywila zake hukaa kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa .mdw. Mfumo ukihamishiwa kompyuta mpya bila faili hilo, hutaingia hata kama nywila unaijua. Lifuate kwenye kompyuta ya zamani. Nywila ya msimbo wa VBA (lugha ya programu iliyo ndani ya Access) nayo inajitegemea: haizuii kusoma majedwali.

Kinachosumbua ofisi nyingi zaidi ni mfumo uliogawanywa: faili la mbele lina fomu na ripoti, la nyuma lina data na limekaa kwenye seva. Mtu akibadilisha nywila ya faili la nyuma, fomu zote hugoma siku hiyo hiyo. Sababu ni kwamba kila jedwali lililounganishwa limehifadhi nywila ya zamani ndani ya kiungo chake, na halitakuuliza mpya. Dawa ya uhakika ni kufuta viungo na kuviunda upya. Nakili kwanza faili la mbele. Futa majedwali yenye mshale pembeni tu. Hapo unafuta kiungo, data haiguswi. Kisha nenda External Data, New Data Source, From Database, Access, uchague kuunganisha, si kuingiza. Andika nywila mpya, na hakikisha majina ya majedwali yanabaki yale yale, la sivyo fomu hazitayaona. Nywila isiwe na nukta mkato (;), kwa kuwa ndiyo inayotenganisha sehemu za maelezo ya kiungo.

Kuweka au kuondoa nywila kunahitaji faili lifunguliwe na mtu mmoja tu. Ukibofya faili mara mbili, linafunguka kwa matumizi ya watu wengi, na Access itakukatalia. Fungua Access tupu, nenda File, Open, Browse, chagua faili, bofya mshale mdogo wa kitufe cha Open, halafu Open Exclusive. Ikigoma, kuna mwenzako ndani, au kuna faili la .laccdb (alama kwamba hifadhidata inatumika) lililobaki baada ya kompyuta kuzimika ghafla. Lifute baada tu ya kuhakikisha wote wametoka. Kuondoa nywila ni File, Info, Decrypt Database.

Na kama imesahaulika kabisa? Kwenye .mdb, nywila ya hifadhidata imefichwa kijuujuu tu na huweza kusomwa, kwa hiyo usiihesabu kuwa ulinzi. Faili la .accdb (aina mpya iliyofuata .mdb) lililofungwa kwa usimbaji wa kawaida wa Access 2010 au zaidi halina mlango wa nyuma. Lakini ikiwa faili la mbele bado linafanya kazi, lifungue, bonyeza Ctrl na G, kisha andika:

? CurrentDb.TableDefs("Wateja").Connect

Weka jina la jedwali lako badala ya Wateja. Nywila itatokea wazi baada ya PWD=. Yeyote mwenye nakala ya faili la mbele anaweza kufanya vivyo hivyo, kwa hiyo nalo lifunge kwa nywila yake, tofauti na ya data.