Mbwa anayebweka kengele ikilia

Ndugu, umesema kengele ya mlango ikilia tu mbwa wako anabweka mpaka mgeni aingie, na ukimkemea anazidi. Acha kumkemea, huenda yeye anaona nawe unabweka. Rekodi mlio wa kengele kwenye simu, uucheze kwa sauti ya chini kabisa, na papo hapo mpe kijipande cha nyama kabla hajafungua mdomo. Mara kumi hivi, kisha pumzikeni. Akianza kukugeukia mwenyewe, masikio wima, anasubiri nyama yake, ndipo uongeze sauti kidogo. Akibweka, umeharakisha, punguza tena. Baadaye mfundishe kukimbilia mkeka wake kengele ikilia. Kwa sasa waombe wageni wakupigie simu wakifika, wasiguse kengele, la sivyo kazi ya wiki nzima inaharibika.