Baada ya kuambiwa asilimia ya kuziba, shughulikia utando wa ndani wa mishipa

Mgonjwa anapotoka katika chumba cha angiografia, yaani kipimo cha kupiga picha ya eksirei ya mishipa iliyotiwa dawa ili ionekane, swali la kwanza analoulizwa na ndugu zake ni mshipa wa moyo umeziba kwa asilimia ngapi. Mimi niliulizwa hivyo, na wagonjwa wenzangu ninaokutana nao kliniki huitaja namba yao hata kabla ya kutaja jina la dawa wanayomeza. Namba hiyo humsaidia sana daktari anayeamua kama kuna haja ya kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi, au kufanya upasuaji. Kwa mgonjwa mwenyewe, ambaye ataishi na mishipa yake yote na si pale tu palipobana, ushauri wangu ni kwamba nguvu zake nyingi aziweke kwenye utando unaoifunika mishipa hiyo kwa ndani, ambao wataalamu huuita endotheliamu.

Utando huo una unene wa seli moja tu, lakini ndio unaoamua mambo mengi. Hutoa oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa ili upanuke wakati moyo unapohitaji damu zaidi, huzuia chembechembe za kugandisha damu zisishikamane, na huzuia seli nyeupe zisijipenyeze ukutani. Mpaka mwaka 1980 haikufahamika kwamba una kazi kubwa kiasi hicho. Mwaka huo Robert Furchgott wa Marekani na msaidizi wake walionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura kilichowekewa asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, hulegea iwapo utando wake wa ndani ni mzima, na kwamba ukisuguliwa ukabanduka, kipande hicho hicho hakilegei tena. Furchgott alikuwa miongoni mwa watu 3 waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa uvumbuzi uliotokana na njia hiyo, yaani kwamba oksidi ya nitriki ndiyo inayopeleka ujumbe huo wa kulegea.

Mwaka 1986 madaktari wengine waliweka asetilikolini moja kwa moja katika mishipa ya moyo ya binadamu. Mishipa mizima ilitanuka, ilhali ile yenye ugonjwa ilijibana, hata pale ambapo ugonjwa ulikuwa bado mdogo. Kwangu mimi hili ndilo jambo linaloeleza vizuri kuliko yote kwa nini mtu anaweza kubanwa kifua akipanda ngazi kwa haraka au akipigwa na baridi, ilhali picha yake haionyeshi kuziba kwa kutisha: mshipa uliopaswa kufunguka unajikaza.

Angiografia, pamoja na umuhimu wake, huonyesha njia inamopita damu na si ukuta wenyewe. Mafuta yanapojikusanya chini ya utando, mshipa kwanza hupanuka kwa nje ili kuyapisha; utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa njia ya damu huanza kupungua pale tu baka la mafuta, yaani mkusanyiko huo ukutani, linapokuwa limechukua takriban asilimia 40 ya eneo la mshipa. Kwa hiyo sehemu inayoonekana nyororo kwenye picha inaweza kuwa na ugonjwa wa miaka mingi. Kwa kawaida kubana kwa asilimia 70 huhesabiwa kuwa kukali, na kwa shina kuu la kushoto, mshipa mkubwa unaolisha sehemu kubwa ya moyo, asilimia 50 inatosha, lakini mishtuko mingi ya moyo hutokana na mabaka ambayo hayakuwa yamebana kiasi hicho, yaliyopasuka au kuchubuka utando wake na kuita damu igande juu yake. Nani angelijua hilo kwa kutazama asilimia peke yake?

Niliwahi kukubali kushiriki utafiti uliohitaji wagonjwa wa moyo wapimwe utando huo kupitia mkono. Nilitakiwa nifike bila kula na bila kunywa kahawa, nikalazwa chali katika chumba tulivu, mkanda wa kupimia shinikizo la damu ukafungwa kwenye kigasha, na mtaalamu akashikilia kifaa cha ultrasaundi juu kidogo ya kiwiko mpaka kuta mbili za mshipa zikaonekana wazi kwenye kioo. Mkanda ukajazwa upepo hadi damu ikasimama, ukaachwa hivyo kwa dakika 5, huku vidole vikifa ganzi na kiganja kikipauka. Ulipofunguliwa ghafla, nilihisi joto likiteremka hadi kwenye ncha za vidole, na yule mtaalamu hakuniangalia tena; macho yake yalikuwa kwenye kioo, akisubiri kuona mshipa utatanuka kiasi gani. Kutanuka huko ni kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na wangu ulitanuka kidogo mno.

Tafadhali usikimbilie kukitafuta kipimo hicho. Kwa wastani, watu wenye ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo huwa na utando dhaifu zaidi, lakini matokeo ya wagonjwa na ya watu wenye afya njema huingiliana kiasi kwamba daktari hawezi kutumia mkono wako kukuambia ni mishipa mingapi ya moyo iliyoathirika. Chakula, baridi, wasiwasi na hata ustadi wa anayepima hubadili jibu. Nilichokipata mimi ni msukumo wa kuchukulia kwa uzito mambo ambayo nilikuwa nikishauriwa siku zote.

La kwanza ni sigara, na hapa sina maneno ya kupunguza makali. Mwaka 1992 watafiti wa London walitumia kipimo cha mkono kama changu na kukuta kwamba vijana wanaovuta, ambao hawakuwa na dalili yoyote, tayari mishipa yao ilishindwa kutanuka ipasavyo. Kupunguza idadi ya sigara hakutoshi. Acha kabisa, na uombe msaada wa dawa za kuachia kama utashi peke yake umekushinda.

La pili ni mazoezi, nami nayapenda kuliko dawa zote kwa sababu yanafanya kazi kwa njia inayoeleweka: damu inayopita kwa kasi husugua utando, na msuguo huo ndio unaoamsha utoaji wa oksidi ya nitriki. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mdogo wa wagonjwa wa mishipa ya moyo waliofanya mazoezi makali chini ya uangalizi kwa wiki 4, na mishipa yao ya moyo ikapunguza ile tabia ya kujibana. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Aliyekwisha kubanwa kifua aanze kwa ruhusa ya daktari wake, atembee mwendo unaomwezesha kuzungumza, na asimame mara kifua kinapoanza kuuma.

Kuhusu lehemu, shinikizo la damu na kisukari nitasema machache, kwa kuwa daktari wako atayasema. Jua namba zako. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mtu aliyekwisha kuthibitika kuwa na ugonjwa huu ashushe LDL, ile lehemu mbaya, chini ya milimoli 1.4 kwa lita, kiwango ambacho wengi hatukifikii bila statini, dawa za kushusha lehemu, na mara nyingine dawa ya pili juu yake. Usiache statini kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Vimekuwa vizuri kwa sababu unaimeza.

Jihadhari pia na vidonge vya kuongeza oksidi ya nitriki vinavyouzwa kwa maneno matamu. Kwa kuwa mwili huitengeneza oksidi hiyo kutoka kwa arginini, kiungo kimojawapo cha protini, ilidhaniwa kwamba kumeza arginini kungesaidia. Waliopata mshtuko wa moyo walipopewa katika utafiti uliotolewa mwaka 2006, haikuwasaidia, na utafiti ukasimamishwa baada ya watu 6 wa kundi la arginini kufariki na kundi jingine kutopoteza mtu.

Limebaki jambo ambalo wanaume hulificha. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo utando ukichoka, upungufu wa nguvu za kiume unaweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Mwanamume anayeliona hilo na amheshimu daktari wake kwa kumwambia ukweli, apimwe shinikizo, sukari na lehemu, asiende kununua sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, kimyakimya. Dawa hiyo ikikutana na nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua inayowekwa chini ya ulimi, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi kuua. Inatakiwa zipite angalau saa 24 tangu kumeza sildenafili kabla ya kutumia nitrogliserini, na saa 48 kwa tadalafili, dawa nyingine ya aina hiyo. Ukifikishwa hospitali kwa maumivu ya kifua, itaje dawa hiyo na saa uliyoimeza kabla hujapewa chochote, hata kama mke au watoto wamesimama pembeni.