Ukiona HM Land Registry kwenye taarifa ya benki, soma kwanza kiasi

Mwezi uliopita nilirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, nikafungua akaunti kwenye simu kuona kama mshahara umeingia. Ulikuwa umeingia, lakini kulikuwa na makato mawili nisiyoyajua: pauni 14 kwenda HM Land Registry, na pauni 29.95 kwenda kwenye jina linalokaribiana na hilo. Sisi hapa Uingereza ni wapangaji, hatuna hata kipande cha ardhi. Akili ilikwenda moja kwa moja kwenye kodi ya pango la ardhi, ile tunayolipa kila mwaka kwa kiwanja cha nyumbani Tanzania. Nikajua kuna mtu analipia ardhi yake kwa kadi yangu.

Nilikuwa karibu kuifunga kadi baba watoto alipoamka. Kumbe ni yeye. Tulikuwa tumeipenda nyumba fulani ya kupanga, akataka kuhakikisha anayetudai pesa ya dhamana ndiye mwenye nyumba kweli.

HM Land Registry ndiyo ofisi inayotunza kumbukumbu za umiliki wa ardhi na nyumba kwa England na Wales. Scotland ina ofisi yake. Ni kama upekuzi wa hati tunaoufanya nyumbani, ila hapa mtu yeyote ananunua nakala mtandaoni bila kumwomba mwenye mali ruhusa. Nakala ya rejista ya umiliki ni pauni 7, na ramani ya kiwanja ni pauni 7 nyingine. Hadi Desemba 2024 ilikuwa pauni 3 kila moja. Hizo saba mbili ndizo 14 zangu. Unalipa mara moja unaponunua nakala, basi. Haijirudii kila mwaka.

Zile 29.95 ndizo zinazoniuma. Mara ya kwanza alitafuta kwenye intaneti akabofya tangazo lililokuwa juu kabisa. Ilikuwa tovuti ya watu binafsi, wanaokununulia nakala ileile na kuongeza ya kwao. Tuliomba turudishiwe, wakajibu kwamba tulikubali masharti. Kwa hiyo angalia kiasi: nakala moja au mbili za serikali hazifiki huko. Na ukitaka kununua, anzia gov.uk, tovuti ya serikali, usianzie kwenye tangazo.

Wanaonunua nyumba huwa hawaioni ada ya HM Land Registry kwenye benki yao, kwa sababu wakili huilipa na kuiweka kwenye ankara yake. Hiyo ni ada ya usajili, inategemea bei ya nyumba, na ni kubwa kuliko pauni 7. Muulize wakili akuoneshe mstari wake.

Ukiuliza kila mwenye kadi hiyo nyumbani na hakuna anayejua, usipige namba iliyokuja kwenye ujumbe wa simu. Piga 159, namba inayokuunganisha na benki nyingi za hapa kwa mambo ya utapeli, au namba iliyo nyuma ya kadi.

Nakala yetu ilionesha jina lingine kabisa. Tulipomuuliza yule bwana aliyetudai dhamana, akasema nyumba ni ya mjomba wake. Tukamwomba barua ya mjomba. Hakujibu tena, na pesa ya dhamana, ya kodi ya wiki tano, bado iko kwenye akaunti yetu.