Mzazi angejuaje?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, dawa za mzio hubadilisha tabia za watoto, au wazazi huzisingizia?", limenitonesha kidonda. Mimi si tabibu bali ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma na familia kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo ninachoweza kukijibu ni swali lililo jirani na lenu: mzazi angejuaje?

Mwanangu wa pili hakuwahi kusumbuliwa na pua mpaka tulipopanga Nkuhungu. Anayeijua Dodoma ya Julai na Agosti, na upepo ule wa baridi unaosomba vumbi na kulipenyeza hata chini ya mlango uliofungwa, hahitaji kuelezwa. Mtoto wa miaka sita alipiga chafya tangu alfajiri na kufikicha macho mpaka yakavimba, na piritoni tuliyokuwa tukimpa ilimfanya asinzie darasani. Ndipo katika zahanati moja tukaandikiwa montelukasti, dawa ya pumu na mzio, vidonge vya kutafuna vya miligramu 5, kimoja kila jioni.

Pua ilizibuka. Wiki ya pili akaanza kuweweseka. Usiku mmoja nilimkuta amesimama sebuleni, macho wazi, akilia kwamba kuna watu dirishani. Nilipomshika mkono aliniuma. Mchana naye akawa mtu wa hasira, hata akampiga dada yake kwa mwiko kwa sababu ya kishada cha zabibu. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Kondoa, alisema mtoto amepatwa na kijicho, asomewe. Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba amekuwa mtukutu. Mimi, niliyelelewa kwa fimbo, niliona ni utovu wa adabu, nikamchapa asubuhi kwa sababu ya kuniuma usiku. Aliniuliza, "Baba, nimefanya nini?" Nikadhani ni kiburi, nikamwongeza.

Mke wangu ndiye aliyekikunjua kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi, Kiingereza kitupu na herufi kama sisimizi, akakisoma kwa mwanga wa simu: ndoto mbaya, kutembea usingizini, ukali, huzuni, hata mawazo ya kujidhuru. Baadaye nilijua kwamba Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hiyo ibebe onyo la ngazi ya juu kuhusu mambo hayo hayo, ikashauri kwamba kwa mafua ya mzio wabakiziwe wale ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Sisi tulipewa baada ya piritoni tu, na hakuna aliyetuambia neno.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba dawa hii isiguswe na mtoto yeyote. Sasa nasita. Tulirudi kwa daktari mwingine, akaisimamisha, akaandika ya kupuliza puani, na baada ya siku kadhaa mtoto akalala. Lakini mwezi ule ule ndio alioanza shule mpya, asiyemjua mtu, na chumba chake alikuwa amempisha bibi yake. Nani atakayenitenganishia yote hayo? Tena yupo jirani yetu ambaye mwanawe ana pumu na anatumia kidonge hicho hicho. Mama yake anasema tangu waanze hawajakimbizana na gari usiku, wala hajaona mabadiliko yoyote ya tabia. Singethubutu kumwambia aache, maana mgonjwa wa pumu hakatizi dawa kwa maneno ya jirani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hubadilisha, kwa baadhi ya watoto, ingawa ushahidi wa nyumbani kwangu hauwezi kusimama peke yake. Nakiri pia kwamba sikupeleka taarifa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambao hupokea taarifa za madhara ya dawa na makao makuu yao yako hapa hapa mjini. Nilikuwa na aibu ya kueleza habari ya fimbo.

Na vumbi likirudi, ile ya kupuliza ikashindwa, daktari akaona hakuna njia nyingine, huenda nikakubali apewe tena. Sharti langu ni kwamba madhara yaelezwe kwa Kiswahili siku hiyo hiyo ya kuandikiwa, kwangu, kwa mama yangu na kwa mwalimu wake, ili asichapwe tena kwa jambo alilolifanya usingizini.

Msomaji, Dodoma