Unataka kazi ya anga za juu? Anzia Ghuba ya Winam

Tangu Taifa-1, setilaiti ya Kenya, irushwe tarehe 15 Aprili 2023, wazazi hapa Kisumu wameanza kuniuliza jambo ambalo zamani sikuwahi kulisikia: kijana wangu anapenda mambo ya setilaiti, asomee nini? Mimi huchora ramani kwa kutumia picha za setilaiti, kazi inayonizungusha kati ya Kisumu, Busia na Kakamega, basi wananiona mtu wa anga. Jibu langu huwakata wengine maini. Mwambie aweke roketi kando kwanza, ajifunze kusoma picha ya mahali alipozaliwa.

Silisemi hilo kwa dharau. Kenya iliwahi kuwa na roketi kabla ya kuwa na wataalamu, na tuliona faida yake ilivyokuwa ndogo. Karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa la San Marco baharini, na setilaiti zikarushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988 kwa roketi za Scout za Marekani. Mojawapo, iliyoondoka tarehe 12 Disemba 1970, ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Walichopendea huku ni ikweta. Ardhi ya ikweta huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Ikweta hiyo hiyo inapita Maseno, pale watu wanaposhuka garini kupiga picha wakielekea Busia. Ila msukumo huo haukumfundisha mtu chochote. Vyombo viliundwa kwingine, data ikasomwa kwingine, na sisi tukabaki na jina zuri.

Mambo yalianza kubadilika polepole. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa 2017. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, iliachiliwa kutoka sehemu ya Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kisha ikaja Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya wakishirikiana na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria kwa shilingi milioni 50, ikapandishwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Walikuwepo waliocheka: roketi ya watu, kampuni ya watu, sisi tuna nini? Mimi sikucheka. Aliyekaa na chombo akakipima, akakiandikia programu, akangoja ishara yake ya kwanza kutoka juu, huyo hawezi kurudi kuwa mtu wa kutoa ardhi tu. Kinachonisumbua ni upande wa pili: picha zikifika chini, nani azisome?

Hapo ndipo kijana wa Nyando au Budalang'i anapoweza kumshinda mtu yeyote.

Picha zenyewe si ghali. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu yetu takriban kila baada ya siku tano, na kila pikseli yake nzuri, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Hazilipiwi. Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha tangu 1972, na tangu 2008 mtu yeyote anaweza kuzichukua bure. Programu ya QGIS ya kuchorea ramani ni ya bure pia. Gharama yako ni kompyuta na bando, na hata bando usilimalize kwa kupakua mafaili mazima: fungua tovuti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti hizo za Sentinel, tazama picha humo humo, ukate kipande unachohitaji tu.

Zoezi la kwanza ninalowapa vijana ni Ziwa Nakuru, kwa sababu halina ujanja. Weka picha ya Landsat ya 2010 kando ya ile ya 2020, utaona maji yalivyotambaa hadi yakameza lango kuu la mbuga. Baada ya hapo nawaleta kwenye gugumaji la Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, na huko ndiko kichwa huuma. Kuna miale isiyoonekana kwa jicho, jirani ya rangi nyekundu, ambayo mimea hai huirudisha kwa nguvu na maji huimeza. Ukiichagua miale hiyo kwenye kompyuta, ghuba huwa nyeusi na gugumaji hung'aa. Rahisi? Subiri. Mwani uliostawi majini nao hung'aa, na kutoka juu vitu hivyo viwili hufanana vya kutosha kukudanganya. Halafu upepo. Leo utando umeziba ufuo wa Dunga, siku chache baadaye uko kwingine kabisa, kwa hivyo ramani yako ya wiki jana haimsaidii mvuvi. Waulize wavuvi wenyewe. Wanajua upepo wa asubuhi unasukuma wapi, na watakwambia bila kukuficha kama ramani yako ni ya maana.

Mvua za masika zikianza, utagundua kasoro nyingine. Sentinel-2 hupita katikati ya asubuhi, na picha ya wakati wa mafuriko mara nyingi huwa mawingu matupu, meupe kama pamba. Jifunze basi rada. Sentinel-1 hutuma mawimbi yake yenyewe, yanapenya mawingu, mchana na usiku. Maji yaliyotulia huyatupa mawimbi mbali yasirudi kwenye setilaiti, ndiyo maana hutokea meusi kwenye picha. Sasa fikiria mtaalamu aliyeketi Nairobi au Ulaya, hajawahi kupita Ahero. Anaona weusi mpana kando ya mto Nyando, anatangaza mafuriko. Kumbe ni mashamba ya mpunga, mkulima ameyafungulia maji kwa hiari yake na anangoja kupanda. Mtoto wa Ahero hahitaji shahada kulijua hilo. Akiongeza na ujuzi wa rada, ana kitu cha kuuza.

Miwa ina mtego wake pia. Huku kwetu mashamba ni madogo, na nusu ekari ni kama pikseli 20 tu za Sentinel-2. Zile za pembeni zimechanganyika na mahindi ya jirani, kwa hivyo za kutegemea ni chache kuliko hizo. Anayekuahidi kumhesabia mkulima mdogo wa Muhoroni tani zake kwa picha hizo peke yake anakuuzia hewa. Nenda shambani na simu yenye GPS, tembea kwenye mipaka, uandike muwa una miezi mingapi. Ni kazi ya jua na matope, haina sifa kama kurusha roketi, lakini bila data hiyo hakuna picha inayoaminika.

Kuhusu masomo sitasema mengi. Hisabati, Fizikia na Jiografia zishikwe vizuri, na Jiografia isidharauliwe. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya teknolojia ya ramani na anga za juu. Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kikanda kilichoanzishwa 1975, ambacho hutoa mafunzo ya picha za setilaiti. Anayeweza kuandika Python kidogo, lugha ya kutungia programu za kompyuta, atawaacha wenzake nyuma. Anayependa sheria naye asijitoe: pete ya chuma ya karibu kilo 500, iliyodhaniwa kuwa ya roketi, ilipoanguka kutoka juu kijijini Mukuku, Makueni, mwisho wa Disemba 2024, maswali ya ni ya nani na nani alipe hayakuwa ya wahandisi. Kozi fupi za mtandaoni zinazotoza maelfu kwa ajili ya cheti, ziogope. Mwajiri akiniuliza juu ya kijana, nitamwonyesha ramani ya kata yao aliyoichora mwenyewe, yenye maelezo ya pale alipokosea na namna alivyohakikisha.

Na pesa? Zipo, ila zina mwendo wa kinyonga. Wanaohitaji ramani ni kaunti, bima za kilimo, viwanda vya sukari na mashirika ya misaada, na wengi hulipa wanapotaka. Andika makubaliano hata kama mteja ni ndugu yako, tena hasa akiwa ndugu yako. Chukua sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na nauli ya kwenda kuhakikisha shambani uihesabu kando. Wateja wengi watataka kuikata hiyo nauli, wakisema picha si inaonyesha kila kitu? Usikubali. Kama hawawezi kuilipa, wape ramani iliyoandikwa wazi kwamba haijahakikishwa, kwa bei ya chini, na jina lako uliweke kwa herufi ndogo.