Unataka kwenda Tana kuvua na kuona mbega? Anza na simu

Juzi dada mmoja wa Umoja aliona picha yangu na kambare akaniandikia, anunue ndoano saizi gani na kamera gani ndio apate kama mimi. Nilifurahi sana, huyo kambare nilimvua mwenyewe Ziwa Shakababo, karibu na Ngao, kule delta ya Mto Tana. Wale marafiki wangu wa hapa Nairobi waliosema Tana ni mbu na mafuriko tu, na wakajitoa usiku wa kuamkia safari na pesa ya gari wameshatoa, hadi leo hakuna hata mmoja ameniambia hongera. Inauma bado.

Sasa dada, mambo ya ndoano acha kwanza. Nani anakupokea? Huko hauendi na bukingi ya simu ukafika ukadai mtumbwi. Mimi nilianza na mzee Mpokomo, yaani mwenyeji wa kando ya Tana, baba ya mtu tuliyefanya kazi pamoja Industrial Area, nikawa nampigia kumjulia hali tu, mambo ya samaki yakaja baadaye sana. Nilipofika akanipeleka kwa chifu, halafu ndio nikakutanishwa na mvuvi, na huyo mvuvi ndiye safari yenyewe jameni.

Tulitoka alfajiri na mtumbwi wa gogo, kitu cha kwanza akanikataza kuning'iniza mkono majini sababu ya mamba, halafu akanyamaza. Alikuwa anaangalia maji. Kambare hupanda juu kuvuta hewa, kwa hivyo pale maji yanapocheza ndipo anatupa mshipi, chambo ni matumbo ya kuku. Baadaye sana ndio akaanza kunieleza vile hayo maziwa yanaishi: mto ukifurika unamwaga maji na samaki ndani ya ziwa, ukishuka samaki wanabaki, na tangu mabwawa ya kule juu yajengwe, kama Masinga iliyokamilika 1981, mafuriko ya kawaida yamepungua. Halafu yanakuja makubwa kama ya mwisho wa 2023 na ya Aprili 2024, yanabeba nyumba na mashamba ya watu. Nilimsikiliza nikaona vile sisi Nairobi tunaongea juu ya huu mto na hatujui kitu, na stima yetu nyingine inatoka humo humo.

Mbega wako juu zaidi ya mto, upande wa Wenje, kwenye hifadhi iliyotengwa 1976. Kuna mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, naye ni aina ya tumbili, na hao wawili hauwapati popote pengine duniani, ni hiyo misitu ya kando ya mto tu, na imebaki vipande vipande. Nenda asubuhi mapema, simama karibu na mikuyu, nyamaza. Chukua kijana wa kijiji akuongoze na umlipe vizuri, usianze kubishana bei ya mtu anayekulinda na kiboko.

Na tuheshimu watu aki. Tunafika na droni na spika, tunapiga picha akina mama wakichota maji bila kuwauliza, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayetuonyesha kitu. Salimia kwanza, kaa, kunywa chai. Ukiona njia pana ya ng'ombe inayoshuka mtoni hiyo ni malka, Waorma, wafugaji wa huko, wanapitisha mifugo hapo kunywesha, usipige hema. Wala kwenye njia ya kiboko, usiku anatoka kula nyasi.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Beba neti, na dawa ya malaria umuulize daktari mapema kabla hujatoka. Na siku ya kupanda basi mpigie mwenyeji wako umuulize maji yamefika wapi, maana mvua ikinyesha Mlima Kenya na Aberdare, kule chini jua linaweza kuwa kali na mto unapanda.